Kuboresha injekta za lori: maana yake, na pesa inakokwenda

Lori likianza kupumua kwa shida kwenye mlima wa kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, nchini Kenya, ushauri wa kwanza ambao mwenye gari hupewa ni aweke injekta kubwa. Ni ushauri wa pesa nyingi, na mara nyingi anayeutoa hajaeleza anazungumzia kazi gani hasa.

Injekta ni kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda wakati hewa iliyobanwa na pistoni imeshapata joto la kuiwasha bila plagi. Kwenye ncha yake kuna nozeli, kipande cha chuma chenye matundu kadhaa membamba sana, mengi yakiwa na upana wa kati ya milimita 0.1 na 0.3. Dizeli ikisukumwa kupitia hapo kwa nguvu hugeuka ukungu. Ukungu mwembamba huungua wote. Matone manene huungua nusunusu, na kinachobaki hutoka ekzosi kama moshi mweusi.

Kuboresha injekta ni kuzibadilisha, au kubadilisha nozeli zake, ili injini ipate nguvu zaidi au itumie mafuta vizuri kuliko inavyofanya sasa. Hapo kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuirudisha injini pale kiwanda kilipoiacha: matundu yaliyolika yanatoka, mapya ya kipimo kilekile yanaingia, na gari lililokuwa limechoka linavuta tena. Ya pili ni kuweka nozeli yenye matundu mapana kuliko ya kiwanda, ili injini itoe nguvu ambayo haikuundiwa. Kwa lori la mizigo linalofanya kazi huku kwetu, kazi ya kwanza karibu kila mara ndiyo inayolipa. Ya pili ninaikataa, na sababu kubwa ni hewa.

Kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na injini ya dizeli hupenda kupata zaidi ya hapo. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, Nakuru mita 1,850, na Timboroa, kwenye barabara ya Eldoret, zaidi ya mita 2,700. Kule juu hewa ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini nayo ina kikomo. Ukiongeza dizeli mahali ambapo hewa imepungua, unachopata ni moshi na joto, na joto hilo hupita kwenye pistoni, kwenye valvu na kwenye tabo yenyewe. Tena linapita kwa muda mrefu, maana lori lenye mzigo wa kwenda mpaka wa Malaba hupanda pale kwa gia nzito, polepole, injini ikiwa imebanwa hadi mwisho. Injekta zilizosifiwa kwenye barabara tambarare ya nchi nyingine hazijajaribiwa Timboroa na shehena ya saruji.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hulinyamazia: si kila injini hupata dizeli zaidi kwa sababu tu nozeli ni pana. Chukua Fuso ya zamani yenye injini ya 6D16. Kiasi cha dizeli hapo huamuliwa na pampu. Injekta hungoja tu mgandamizo ufike kama mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, ikafunguka, ikapuliza ilicholetewa. Ukiiwekea nozeli ya matundu mapana bila kugusa pampu, dizeli inayoingia ni karibu ileile, ila sasa inaingia haraka na kwa matone manene. Umelipa ili injini ichome vibaya zaidi.

Injini za komoni reli, kama 4HK1 ya malori mengi ya Isuzu, ni kinyume chake. Mfumo huu ulianza kuuzwa kwenye malori mwaka 1995, kampuni ya Denso ilipoutia kwenye malori ya Hino nchini Japani. Dizeli hukaa kwenye bomba la pamoja ikiwa imebanwa sana, kwa mifumo ya siku hizi hadi mara 1,600 au hata 2,500 ya mgandamizo wa hewa, na kompyuta ya injini huamua kila injekta ifunguke kwa muda gani. Ukipanua matundu, dizeli huongezeka papo hapo, lakini kompyuta haina habari. Inaendelea kuhesabu kama matundu ni yaleyale. Kwa hiyo huko, nozeli kubwa bila kuandika upya programu ya kompyuta ni kazi ya nusu, na programu nayo ni gharama ambayo haikutajwa siku ya kwanza.

Sasa pesa. Ngazi ya chini kabisa ni kupima na kusafisha, nayo ni bei ya kazi tu. Usiiruke. Kwa injekta za zamani, fundi wa pampu hufunga injekta kwenye kifaa chenye mkono na geji, huvuta mkono, na wewe unasimama kando unaangalia. Nozeli nzima hutoa mikuki ya ukungu inayolingana pande zote, kwa sauti kavu ya kukwaruza, kisha inakata ghafla. Iliyokwisha hutoa uzi wa dizeli upande mmoja badala ya ukungu, na ikishakata, tone hubaki limening'inia kwenye ncha. Tone hilo ndilo la kuogopa. Ndani ya injini linaendelea kudondoka na kuungua juu ya pistoni wakati usiofaa, na pistoni inaweza kutoboka. Hapo hatuzungumzii tena bei ya injekta, tunazungumzia ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuikarabati.

Ngazi inayofuata, kwa injini hizo za pampu, ni kununua nozeli peke yake na kuacha mwili wa injekta, kisha fundi anarekebisha mgandamizo wa kufungukia kwa vishimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyowekwa juu ya springi. Hii ndiyo njia ya bei nafuu yenye maana, na kwa Fuso za kubeba viazi kutoka Molo au matrekta ya miwa ya Muhoroni sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Kwa komoni reli njia hii haitoshi, kwa kuwa valvu ndogo iliyo ndani ya injekta nayo hulika. Huko unachagua kati ya injekta zilizofanyiwa ukarabati kamili, mpya kutoka kwa wakala, na zilizotolewa kwenye injini za Japani. Hizi za mwisho huvutia kwa bei, lakini hujui zimetembea kilomita ngapi. Zinunue tu kama muuzaji anakubali zipimwe kwa mashine ya komoni reli kabla hujalipa, na upewe karatasi ya majibu ya kila moja.

Piga hesabu kabla ya kuchagua. Nakuru hadi Kisumu, kwenda na kurudi, tuseme kilomita 360. Lori likitembea kilomita 3 kwa lita hutumia lita 120. Likishuka hadi kilomita 2.7, hutumia lita 133. Dizeli ikiwa shilingi 170 kwa lita, hizo ni zaidi ya shilingi 2,200 kila safari, na kwa safari tatu za wiki zinakaribia 7,000. Weka namba za gari lako mwenyewe, gawanya bei ya injekta kwa hasara ya wiki, na utajua zitajilipa baada ya wiki ngapi. Kama ni zaidi ya mwaka, huenda tatizo haliko kwenye injekta. Kagua filta ya hewa na mipira ya tabo kwanza.

Kwenye bei ya injekta ongeza vitu vidogo ambavyo havina mjadala. Washa za shaba, zile pete zinazokaa chini ya injekta, ziwe mpya, na iwe moja kwa kila injekta, kwa sababu mbili zikipandana ncha hukaa juu kuliko inavyotakiwa na mikuki ya dizeli hukosa shabaha yake ndani ya silinda. Filta za dizeli zibadilishwe, kitenganisha maji kimwagwe. Kwenye komoni reli, injekta nyingi zina namba iliyochapwa kichwani ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya injini. Muulize fundi kama ana mashine ya kufanya hivyo kabla hajafungua chochote. Na tangi lichunguzwe. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na sababu ilikuwa ya kweli: mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu na injekta hulainishwa na mafuta hayohayo zinayopitisha. Injekta mpya zikinyweshwa mchanganyiko huo hazitamaliza muda wake, ziwe za bei gani.

Za zamani zikitoka, omba uzibebe nyumbani, au uzitoe kwa anayekuuzia zilizokarabatiwa kama anapunguza bei akizichukua. Mwili wa injekta wenye jina la kampuni kubwa una thamani hata ukiwa umekwisha. Huoshwa, hupakwa rangi, hutiwa nozeli ya bandia, na kurudi sokoni kwenye boksi jipya.