Mashapo ya barafu yanachukua muda gani mpaka yafike baharini?

Watu wengi wakisikia barafu ya milimani imeyeyuka zamani wanajua na tope lake lilishaenda zake baharini siku nyingi, stori imeisha. Kumbe wapi. Mto Fraser kule Kanada, ule unaomwaga maji pale Vancouver, mpaka leo unahangaika na mzigo ulioachwa na barafu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Glesia ni barafu nene inayoteleza polepole bondeni, na ikiteleza inasaga mwamba ulio chini yake kama jiwe la kusagia, zinatoka hadi mawe makubwa kama gari, changarawe, mchanga, na ule unga laini kabisa unaofanya maji ya mto yawe kama yametiwa maziwa. Hayo yote ndo mashapo. Sasa ule muda kuanzia chembe inasagwa mpaka inatua baharini ndo tunaouita muda wa kukaa, na hauna namba moja.

Unaweza kuwa masaa tu. Iceland mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakajikusanya kwenye ziwa la Grímsvötn, afu tarehe 5 Novemba yakafumuka kwa mkupuo, kilele chake kama mita za ujazo 50,000 kwa sekunde, yakang'oa daraja na kusomba tope hadi baharini, ingawa mzigo mwingine ulibaki uwandani.

Ila kwa kawaida chembe inasafiri kama abiria wa daladala bovu, inashushwa, inasubiri, inapanda nyingine. Mara imekaa kwenye tuta la mawe na tope lililoachwa na barafu, mara chini ya bonde, mara ukingoni mwa mto. Kituo kibaya kuliko vyote ni ziwa: mto Rhône unaingia Ziwa Geneva ukiwa na tope la Alps, unatokea mjini Geneva maji safi, yaani mzigo umezama humo na hautoki leo wala kesho.

Hapo ndo Fraser inanoga. Kwa kawaida vijito vya milimani ndo vinatoa mashapo mengi kwa kila kilomita ya mraba, ukishuka kwenye mito mikubwa kiwango kinapungua maana mengine yanabaki njiani. Mwaka 1989 wanajiografia Michael Church na Olav Slaymaker wakaonyesha British Columbia, jimbo la Kanada unakopita Fraser, ni kinyume, kiwango kinapanda kadiri unavyoshuka, sababu mito inakula kingo zake yenyewe, na hizo kingo ni mashapo ya enzi ya barafu. Hali hiyo inaitwa paraglesia.

Wanaupimaje sasa huo muda wa kukaa? Chembe ikishakuwa ndogo sana, chini ya mikroni 50 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), urani-238 iliyomo, ambayo ni elementi ya mionzi, ikivunjika inarusha atomu changa kwa nguvu, atomu ambazo baadaye zingegeuka urani-234, na baadhi zinatoka nje kabisa, kwa hiyo urani-234 inayobaki ndani inapungua kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Ukipima upungufu huo unajua chembe ilisagwa lini. Afu toa umri wa tabaka la chini ya bahari ulipoikuta, kinachobaki ndo muda iliopoteza njiani.