Je, wajua kwanini mpiga tromboni Melba Liston hasikiki kwenye rekodi zake bora?

Ukitafuta habari za wanawake kwenye jazz ya Marekani huwezi kulikwepa jina la Melba Liston, na karibu kila anayemwandika anaanza vilevile, mwanamke aliyepiga tromboni katikati ya wanaume watupu. Ni kweli. (Tromboni ni lile la shaba refu lenye bomba linalovutwa mbele na nyuma, tusichanganye na mdomo wa bata, hiyo ni saksafoni.) Sasa msomaji akishapata habari hiyo anakimbilia kutafuta solo zake, yaani zile sehemu anapopuliza yeye mbele ya wenzake, anakuta chache, zingine zinaisha hata hujakaa vizuri, halafu anaanza kujiuliza sifa zote hizi zilitokea wapi. Wapo wanaomaliza kabisa kwa kusema eti alisifiwa kwa sababu tu alikuwa mwanamke.

Hapo ndo watu wanapotea, maana wanamtafuta mahali sipo. Kuna imani kwamba jazz yote inatungwa palepale jukwaani, mtu anafumba macho anapuliza kinachomjia, kwa hiyo asiyepiga solo basi anajaza kiti tu. Kwa kikundi cha watu wanne watano ina ukweli kiasi. Kwa bendi kubwa yenye tarumbeta nne, tromboni tatu nne, saksafoni tano, piano, besi na ngoma, haiwezekani, mkiachiwa kila mtu apulize anachojisikia mnapata soko la samaki. Asilimia kubwa ya unachosikia kwenye bendi ya namna hiyo kimeandikwa kwenye karatasi, kila mtu na ukurasa wake, na hata solo yenyewe imewekewa mahali pa kuanzia, mahali pa kuishia, na nini wenzake wapige chini yake. Anayeamua hayo yote anaitwa mpangaji wa muziki. Melba alikuwa huyo.

Kazi ya mpangaji ni rahisi kuidharau kwa sababu wimbo sio wake. Chukulia fundi cherehani. Mteja kaleta kitenge, maua yameshachapwa, rangi zimeshachaguliwa kiwandani, fundi hajachora kitu. Lakini yeye ndo anaamua ua kubwa litue kifuani au lipotelee kwenye mshono chini ya kwapa, wapi kibane, wapi kiachiwe, na mpe fundi mwingine kitenge hichohicho uone kama utavaa nguo ileile. Wimbo ukifika kwa mpangaji ni hivyo hivyo. Sehemu tamu kuliko zote anaweza kuwapa tarumbeta juu kabisa zikapasua, au akaipa filimbi moja na tromboni mbili zilizozibwa midomo zikiinong'ona chini, na wimbo uleule unageuka kutoka sherehe kuwa kitu kingine kabisa. Anaamua sauti tano zikae zimebanana karibu karibu au ziachane mbali, wapi wote wanyamaze besi ibaki peke yake. Tofauti na fundi ni kwamba harusini watu huwa wanauliza umeshonewa na nani.

Na hapa tromboni inarudi kwenye habari, kwa sababu nadhani kuipiga kulimsaidia sana kuandika. Tromboni haina vitufe, ina bomba la kuvuta lenye vituo 7, na kila kituo unachosogea mbele kinashusha sauti nusu toni, yaani hatua moja ndogo kuliko zote kwenye piano. Inaonekana rahisi mpaka ukutane na maajabu yake. Nota ya B flati ya chini inapatikana kituo cha 1, bomba limerudi lote. B ya kawaida, ambayo kwenye piano ni jirani yake kabisa, kidole kinateleza tu, kwenye tromboni inapatikana kituo cha 7, mkono umenyooka mpaka mwisho. Yaani nusu toni moja inakugharimu urefu wote wa mkono! Mtu anayetunga amekaa kwenye piano anaweza kuandika nota hizo mbili zikifuatana mbio mbio na haoni tatizo, tatizo litaonwa na yule maskini aliyekaa safu ya nyuma. Mpangaji ambaye bega lake mwenyewe limeshachoka na safari hiyo hawezi kukuandikia upuuzi huo, au akikuandikia ujue kakusudia.

Melba alianza akiwa na miaka 7 hivi huko Kansas City, Missouri, alikozaliwa 1926. Aliliona tromboni likiuzwa akalipenda kwa uzuri wake tu, na mtoto wa umri huo kituo cha 7 mkono haufiki kabisa. Alijifunza zaidi kwa sikio, babu yake akimtia moyo, mwaka uliofuata tayari anapiga redioni. Wakahamia Los Angeles 1937, akapita mikononi mwa mwalimu Alma Hightower, akiwa na miaka 16 yuko kwenye bendi ya Lincoln Theatre, kisha bendi ya Gerald Wilson. Mwaka 1947 rafiki yake wa utotoni, mpiga saksafoni Dexter Gordon, akamwingiza studio na kurekodi naye kibao alichomtungia, Mischievous Lady.

Kuna na hili la mapafu, eti tromboni inataka kifua cha mwanaume. Miaka hiyohiyo ya arobaini International Sweethearts of Rhythm, bendi iliyoanzia shule ya Piney Woods kule Mississippi, ilikuwa inazunguka Marekani na safu nzima ya tromboni ni wasichana. Kwa hiyo pia tuache kumwita mwanamke wa kwanza kupiga tromboni kwenye bendi kubwa. Alichofanya kigumu ni kukaa kwenye bendi za wanaume, za majina makubwa, na kubaki.

Mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi Dizzy Gillespie alipomwita New York kutoka California, wanamuziki walinung'unika kwanini bosi kaenda kumtafuta mwanamke mbali kote huko, na walimwita kwa tusi ambalo silileti hapa. Melba mwenyewe alisimulia kilichofuata. Dizzy akamuuliza kama kaja na muziki wowote, akasema anao, akaambiwa augawe. Karatasi zikapita viti vyote, bendi ikaanza, vipimo viwili vitatu tu vya wimbo wakavurugana wakasimama, hawaziwezi. Dizzy akawarudishia tusi lao lilelile akiwauliza sasa ni nani. Kuanzia siku hiyo Melba akawa dada, mama na shangazi wa kila mtu, anawashonea vifungo na kuwakata nywele, yaani heshima ilikuja ikiwa imebeba kazi za nyumbani.

Haikuwa safari ya kuchekesha hiyo. 1949 alizunguka Kusini mwa Marekani na mwimbaji Billie Holiday, watu hawakuitikia, hela ikakata, akarudi nyumbani amechoka na muziki. Baadaye alisema wazi kwamba maisha ya barabarani kwa mwanamke mweusi peke yake yalikuwa na hata kubakwa. Akaacha. Miaka kadhaa akafanya kazi ya karani bodi ya elimu ya Los Angeles, na akapata vijisehemu Hollywood, kwenye filamu ya The Prodigal ya 1955 anamfuata mwigizaji Lana Turner nyuma nyuma akiwa na kinubi, na yumo kwenye The Ten Commandments pia. Alirudi 1956 kwa Dizzy tena, kwenye ziara ambazo serikali ya Marekani ilizilipia kwenda Mashariki ya Kati na kwingineko. Mwaka 1958 akarekodi albamu pekee aliyoiongoza kwa jina lake, imejaa tromboni tupu, kwa hiyo mwenye hamu ya kumsikia akipuliza aanzie hapo.

Ila mimi ningemwambia mtu aanze na Uhuru Afrika. Ni albamu ya mpiga piano Randy Weston, imerekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru huku Tanganyika ikiwa bado inasubiri Desemba 1961. Inafunguliwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes, na vipande vyake vina majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku 1964. Angalia orodha ya wapigaji sasa, tromboni ni Slide Hampton, Jimmy Cleveland na Quentin Jackson. Melba hamna. Hajapuliza hata nota moja, ila karibu kila kinachotoka kwenye yale mashaba kaandika yeye. Na ilikuwa mtihani kweli, besi mbili, wapiga ngoma kutoka Nigeria na Cuba juu ya madramu ya kawaida, na jeshi la wapulizaji ambao wangeweza kuzizima ngoma zote dakika ya kwanza. Sikiliza jinsi wapulizaji wanavyoingia, wanasema neno, wanaondoka, ngoma inabaki na nafasi yake.

Weston alitunga, Melba akapanga, na huo mtindo waliuendeleza kwa miaka karibu arobaini. Katikati kapangia kampuni ya rekodi ya Motown, kapangia waimbaji wa kila aina, na hapo inabidi mtu awe mwangalifu anapohesabu, maana mpangaji mara nyingi alilipwa mara moja, jina halikuandikwa, na wimbo ukivuma hela iliendelea kwenda kwa mtunzi. Nisiongeze chumvi pia, wapangaji wanaume nao hawajulikani, muulize shabiki wa kawaida akutajie watatu uone. Ila wao walau walikuwa na bendi zilizobeba majina yao. Miaka ya sabini alienda Jamaika akafundisha Kingston mpaka 1979.

Halafu katikati ya miaka ya themanini akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Tromboni ikaishia hapo. Kama kazi yake ingekuwa tromboni tu, habari ingekuwa imekwisha, lakini alihamia kwenye kompyuta, akaendelea kuandika, 1987 akapewa tuzo ya Jazz Master ya taifa, akapanga The Spirits of Our Ancestors iliyotoka 1992, na alifariki 1999. Mwaka 1993 ikatoka Volcano Blues, na safari hii jina lake liko juu ya jalada pamoja na la Weston.