Kuhamisha foleni si kuunganisha huduma

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Sisi huduma tumeshaziunganisha. CCC tumeifunga, wagonjwa wote sasa wanaonwa OPD." CCC ni kliniki ya wagonjwa wa HIV, na OPD ni upande wa wagonjwa wa nje wa kila aina. Sentensi hiyo inatamkwa kwenye vikao vya mipango vya kaunti ndogo hapa Mombasa na kuandikwa kwenye ripoti za robo mwaka. Tangu Marekani iliposimamisha Januari 2025 misaada yake ya nje, iliyokuwa ikisaidia kliniki hizo, kila anayeulizwa kuhusu huduma jumuishi anajibu hivyo hivyo. Hapo palihamishwa foleni tu. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri upande mmoja wa kituo sasa anasubiri upande wa pili, kati ya watoto wenye homa na vijana walioanguka na bodaboda, na kilichokuwa kikimlinda kimebaki kwenye chumba kilichofungwa.

Kilichokuwa kikimlinda ni kazi, wala si chumba. CCC inayoendeshwa vizuri ina daftari la miadi. Jioni, kabla ya mlango kufungwa, mtu analipitia na kuandika majina ya walioitwa siku hiyo wasije. Kesho yake wanapigiwa simu. Asiyepatikana anatafutwa kupitia mtu aliyemtaja siku ya kwanza kuwa msaidizi wake wa dawa, na ikipita wiki kimya, anaendewa nyumbani kwa maelezo yaliyomo kwenye faili: nyuma ya msikiti fulani, mlango wa buluu, uliza kwa mama wa mahamri. Aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu au zaidi ili asipoteze siku ya kazi kila mwezi. Sajili inasomwa kwa watu: walioanza mwaka huu ni hawa, wangapi bado wapo, wangapi wamehamia kituo kingine, wangapi wamefariki, wangapi hatujui walipo.

Sasa mtazame mgonjwa wa presha katika kituo hicho hicho. Kumbukumbu yake yote imo kwenye daftari la shule alilonunua dukani, na daftari hilo analo yeye nyumbani. Anapewa vidonge vya wiki mbili. Asiporudi, hakuna anayejua kwamba hakurudi. Fomu ya MOH 705B, inayojumlisha magonjwa ya wagonjwa wa nje waliozidi miaka mitano, inahesabu ugonjwa uliofika dirishani. Haina mahali pa kumwandika aliyetakiwa kuja asije. Basi kituo kinaweza kutuma ripoti kamili kila mwezi, kwa wakati, na kusifiwa kwenye kikao, huku nusu ya wagonjwa wake wa presha wako nyumbani bila dawa wakielekea kwenye kiharusi.

Hapo ndipo ninapowapinga wanaoona fahari kufunga CCC. Tulikuwa na mtambo wa kumfuata mgonjwa wa maisha yote, uliojengwa kwa takriban miaka 20 na kwa pesa nyingi. Kuunganisha kulimaanisha kumwingiza mgonjwa wa presha na wa sukari ndani ya mtambo huo. Tumefanya kinyume: tumemtoa wa HIV na kumwingiza kwenye utaratibu usiomfuata mtu yeyote.

Tupige hesabu, maana mpango wa afya usio na hesabu ni hotuba. Chukua zahanati ya Kisauni inayohudumia watu 20,000, tuseme nusu yao watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulikuta asilimia 23.8 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana presha iliyopanda. Hao ni kama watu 2,380. Chukulia robo tu ndio watakaogunduliwa na kuanza dawa: 600. Ukiwaita kila mwezi, kwa siku 20 za kazi, ni wagonjwa 30 kwa siku wa presha pekee, na zahanati ina wauguzi wawili, mmoja yuko chanjo. Wote wakitulia na ukawapa dawa za miezi mitatu, wanashuka hadi 10 kwa siku, na kumi wanaweza kuonwa sawasawa. Kidonge kimoja cha presha, amlodipine, kwa siku kwa watu 600 ni vidonge 18,000 kwa mwezi, 54,000 kwa robo mwaka.

Na hapo kwenye dawa pana mtego unaonikera kuliko yote. Dawa zikiisha siku 45 kati ya 90, zahanati itakuwa imetoa vidonge 27,000. Anayejaza agizo la KEMSA, wakala wa serikali wa kusambaza dawa, anaangalia kilichotumika, anaona 27,000, anaagiza 27,000. Robo inayofuata dawa zinaisha tena katikati, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana sawa: tuliomba 27,000, tukapata 27,000, tukatumia 27,000. Upungufu umejigeuza kuwa mahitaji. Dawa ya mtego huu ni hesabu ya darasa la sita: gawa kilichotumika kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, zidisha kwa siku zote za kipindi. 27,000 gawa kwa 45, mara 90, ni 54,000. Kadi ya stoo lazima ionyeshe tarehe dawa ilipofika sifuri na tarehe ilipoingia tena. Ikiwa tarehe hizo hazimo, hesabu haiwezekani, na mara nyingi hazimo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari mwaka 2023, kila mmoja akiwa na kaya 100 hivi. Nafurahi. Lakini ukimpima mama wa Jomvu mlangoni kwake, ukamwambia presha ni 170 kwa 100, ukamtuma zahanati, akaambiwa dawa hakuna akanunue, umemfundisha kutokuja tena. Mpango wa kupima na mpango wa dawa lazima viwe ukurasa mmoja.

Ndani ya kituo, kuunganisha kunataka mambo ambayo paa moja haliyaleti. Daftari moja la miadi kwa magonjwa yote ya muda mrefu, lisiloandikwa jina la ugonjwa juu ya jalada. Tarehe moja ya kurudi: anayetumia ARV, dawa ya presha na sindano ya uzazi wa mpango asiitwe mara tatu. Muuguzi mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye daftari, na saa zake zilindwe, asivutwe kwenda chanjo kila mtu anapokosekana. Orodha anayopewa mhamasishaji iwe na jina, nyumba na maneno "aliitwa Jumanne", basi. Ugonjwa haumhusu. Na mwezi mtukufu uingie kwenye kalenda: mwenye kidonge kimoja kwa siku atameza wakati wa futari, lakini anayedunga insulini lazima aonwe kabla mwezi haujaandama, la sivyo utampokea amezimia saa kumi alasiri.

Wanaokohoa, hao watenganishwe. Ukimweka mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa kwenye benchi moja na wenye HIV, ndani ya korido isiyo na madirisha, umeunganisha maambukizi. Anayekohoa aulizwe langoni, apewe barakoa, akae nje penye upepo, aonwe kwanza. Hili halina mjadala.

Vilevile dawa zenyewe zinagongana. Dolutegravir ya HIV inapandisha mwilini kiwango cha metformin, dawa ya kisukari, kwa hiyo anayetumia zote mbili kwa kawaida hapiti miligramu 1,000 za metformin kwa siku. Rifampicin ya kifua kikuu inaishusha dolutegravir, ndiyo maana inatolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Afisa wa kliniki wa OPD ataandika metformin gramu mbili kwa nia njema kabisa, kwa sababu mgonjwa hakutaja ARV mbele ya foleni iliyobanana mlangoni. Bila faragha, historia ya mgonjwa huipati, na bila historia dawa unaandika kwa kubahatisha.

Kuhusu unyanyapaa, vitabu vinasema foleni ya mchanganyiko inaupunguza kwa kuwa hakuna anayejua mwenzake amefuata nini. Nina shaka. Mombasa watu wanajuana. Wengi wanavuka kwenda kituo cha mbali makusudi wasikutane na jirani, na OPD ya karibu ndiko jirani aliko. Kuna watakaofurahia mabadiliko na kuna watakaopotea kimya kimya, na bila daftari la miadi hatutawatambua hao wa pili.

Rufaa tunaielewa kwa upande mmoja tu, wa kwenda. Mzee wa Mtongwe, ng'ambo ya feri, amelazwa hospitali ya rufaa ya Coast General kwa kiharusi, ameruhusiwa, karatasi inasema "aendelee na dawa kituo cha karibu". Dozi haikuandikwa, na dawa aliyoanzishwa wodini haimo kwenye orodha ya zahanati. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, ila matatu za pande zote mbili si bure, na mtu aliyepooza hapandi feri kwa miguu. Inavyotakiwa: wodi ipige simu zahanati kabla ya kumruhusu, karatasi ionyeshe dawa, dozi na tarehe ya kwanza isiyozidi siku saba, mhamasishaji amfikie wiki hiyo, zahanati ithibitishe amefika. Na kaunti iwe na orodha moja ya dawa za presha kuanzia hospitali hadi zahanati, ili wodi isimwanzishie mtu dawa ambayo kwao haipatikani. Mtandao wa huduma ya msingi, wenye hospitali ya level 4 kama kitovu na zahanati zikiizunguka, umekusudiwa kazi hii hasa. Shaka yangu ni kwamba kitovu chenyewe kinakosa watu, kisha tunakidai kitoe timu ya kuzunguka zahanati.

Mipaka nayo. Anayeishi Mtwapa yuko kaunti ya Kilifi, anafanya kazi Nyali, anatibiwa Kisauni. Ndiyo sababu moja ya chanjo kufika zaidi ya asilimia 100 kwenye baadhi ya vituo: waliochanjwa ni wa kaunti mbili, lakini idadi ya watoto wanayogawanywa nayo ni ya kaunti moja. Akikosa miadi, hakuna mhamasishaji wa Mombasa mwenye kaya yake. Maafisa wa kaunti ndogo mbili jirani wanaweza kubadilishana orodha za wahamasishaji na namba zao leo, bila kusubiri sheria.

Kuhusu bajeti nitasema kwa ufupi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, kwa pesa zitakazotumika kuanzia Julai 1 ya mwaka unaofuata. Februari ikifika mwisho, waraka wa mkakati wa fedha umeshaweka viwango vya kila idara, na makadirio yanawasilishwa Aprili 30. Anayekuja na ombi lake kwenye ushirikishaji wa umma mwezi wa Mei anapigania makombo. Mwaka baada ya mwaka kinachowahi Septemba ni majengo, kwa sababu jengo lina mchoro na bei. Kazi ya kumfuata mgonjwa nayo ina bei, tuiandike: salio la simu la kituo kwa mwezi, nauli ya wahamasishaji, madaftari ya miadi, saa za muuguzi mmoja, vidonge 54,000 kwa robo. Iwekwe kwenye mpango kama mstari unaojitegemea wenye jina la zahanati, isimezwe ndani ya "uendeshaji", maana uendeshaji ndio unaokatwa kwanza kwenye bajeti ya nyongeza.