Kabla ya balbu kali, pima volti kwenye soketi

Juzi jioni kijana wa boda alileta Boxer yake kibandani kwangu hapa Kondele, Kisumu, mkononi ana balbu mpya ya wati 60. Usiku hupeleka abiria mpaka Chemelil, na njia ile ina trela za miwa zinazotembea bila taa za nyuma. "Fundi, nifungie hii. Mbele sioni."

Balbu iliyokuwemo ni ya wati 35. Sikuigusa. Niliwasha injini na taa, nikaweka mita kwenye betri: volti 13.6. Nikahamishia ncha za mita kwenye soketi ya balbu: 11.5. Volti mbili na ushei zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye swichi iliyoungua, nyaya nyembamba na nati ya waya hasi iliyoshika kutu. Balbu kama hii, ya halojeni, haina msamaha: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Huyu alikuwa amepoteza asilimia 15 ya volti. Alikuwa anaendeshea kama nusu ya mwanga wake, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde.

Balbu ya wati 35 huvuta ampea 3 hivi, ya wati 60 huvuta 5. Ukizipitisha ampea 5 kwenye njia ile ile mbovu, kinachopotea kinazidi na kugeuka joto. Niliwahi kufanya hivyo kwenye pikipiki yangu. Soketi iliyeyuka, taa ikazimika kati ya Ahero na Awasi, lori likiwa nyuma yangu. Ndiyo maana hili silinyamazii.

Dawa ni rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa: moja ya fuli (mwanga wa mbali), moja ya dimu (mwanga wa karibu). Umeme mzito unatoka betrini kupitia fyuzi ya ampea 10, unaingia mguu wa rilei namba 30 na kutokea 87 kwenda kwenye balbu. Waya wa zamani wa swichi unaingia 86, na 85 inakwenda hasi. Swichi sasa inaamuru tu, haibebi mzigo. Tulipomaliza, soketi ilisoma 13.2 kwa balbu ile ile ya zamani.

Ila angalia kwanza: kuna pikipiki ambazo taa hulishwa na koili ya injini moja kwa moja, hufifia ukiachia mafuta. Pikipiki hizo, rilei pekee haiziponyi.

Na LED? Zipo nzuri, zikija na taa yake nzima. Ile ya kuchomeka tu mahali pa halojeni, chipu zake zisipokaa pale pale ulipokuwa uzi unaowaka wa halojeni, kiakisi (kioo cha ndani ya taa) hakiwezi kukusanya mwanga. Unaona weupe mwingi karibu na tairi, mbali giza, na anayekuja anapofuka.

Mwisho tulilenga taa, kazi ambayo wengi huiruka. Pikipiki mita 5 kutoka ukutani, chaki kwenye kimo cha katikati ya taa, na dimu ikomee sentimita 5 chini ya chaki. Nilimwita jirani apande nyuma kwanza, kwa sababu abiria akikaa, nyuma hushuka na taa huinuka. Bila yeye tungekuwa tumelengea pikipiki tupu, na kijana haendi Chemelil bila abiria.