Nyanya imenyauka? Weka keni chini kwanza

"Shikamoo mama. Nyanya zangu zimenyauka. Namwagilia asubuhi, mchana na jioni lakini ndiyo kwanza zinazidi. Niongeze maji kiasi gani?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia kila mwaka kuanzia Septemba, baridi ya Mbeya inapoachia na kila mwenye kauwanja nyuma ya nyumba anashika jembe. Wa safari hii ulikuja na picha. Majani yamening'inia yakiwa bado ya kijani, shina limeinama, na chini yake maji yametuama juu ya tuta. Maji yametuama, na bado mtu anauliza aongeze kiasi gani!

Marahaba mwanangu, na nitakujibu hapa ili na wengine wasome. Usiongeze hata tone. Imani kwamba jani likilegea basi mmea una kiu ndiyo inayoniudhi kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu anayeiamini ni mtu mwenye bidii. Mvivu hamwagilii mara tatu kwa siku. Anayepoteza bustani hapa ni yule anayeamka mapema, anayebeba ndoo kutoka kisimani wakati bomba halitoi, anayewafukuza kuku wa jirani. Inaniuma kuona jasho la mtu kama huyo likiozesha mizizi.

Kwanza niseme kwa nini majira haya ni matamu. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na upande wa Rungwe hujaza zaidi. Kwa hiyo Septemba na Oktoba, mijakaranda inapochanua mjini, tunapata jua la kutosha, hewa kavu, na majani yasiyolala na umande mzito. Baka jani chelewa, ambalo wakati wa masika humaliza nyanya na viazi kwa siku chache, halina nafasi kubwa kwenye jani kavu. Mwenye maji na samadi iliyoiva anaweza kula mchicha wake mwenyewe ndani ya mwezi mmoja, na chainizi muda mfupi baadaye. Ukipunguza machipukizi ya nyanya asubuhi, mikono inanukia nyanya hadi mchana. Mimi sijapata raha nyingine ya bei hiyo.

Sasa turudi kwenye jani. Jani husimama kwa sababu seli zake zimejaa maji na zinasukumana. Maji hayo hutoka nje kupitia vitundu vya jani mchana kutwa, na mizizi hupandisha mengine kufidia. Jani hulegea pale yanayotoka yanapozidi yanayopanda. Hiyo ndiyo habari nzima, lakini angalieni kilichomo ndani yake: udongo kukauka ni sababu moja tu ya maji kutopanda. Mizizi inaweza kuwa imeoza. Mishipa ya shina inaweza kuwa imejaa bakteria. Sota, yule kiwavi wa udongoni, anaweza kuwa ametafuna shina usiku. Katika hali zote hizo maji yapo tele chini, mmea haufikii. Kumwagilia hapo ni kuongeza soda kwenye glasi wakati mrija umeziba.

Kwa hiyo kabla ya keni, saa. Umeona mmea umelegea saa ngapi? Maboga na matango yenye majani mapana yatalegea saa nane mchana hata kama udongo una maji ya kutosha, kwa sababu jua na upepo wa Oktoba vinanyonya kuliko mizizi inavyoweza kupandisha. Jua likipungua yanasimama yenyewe. Yaacheni. Mmea unaonipa wasiwasi ni ule uliolegea saa kumi na mbili asubuhi, baada ya usiku mzima wa baridi ambapo jani halikupoteza kitu cha maana. Nendeni bustanini alfajiri. Jibu la alfajiri ndilo la kuaminika. La saa nane mchana ni kelele.

Baada ya saa, kidole. Kizamishe kwenye udongo hadi pingili ya pili, karibu na shina. Ukikuta unyevu, tatizo si kiu. Udongo mwepesi wa majivu ya volkano tulio nao maeneo mengi ya Mbeya na Rungwe huwadanganya watu hapa: juu unakuwa vumbi tupu kufika mchana, wakati sentimita chache chini bado una ubaridi na unyevu. Mtu anatazama vumbi, anakimbilia keni.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kunyunyiza juujuu kila siku. Maji ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Siku ya jua kali bustani ya mboga iliyokomaa inaweza kutumia kama milimita 5. Tuta la mita 1 kwa 5 basi linahitaji lita 25 kwa siku, yaani keni mbili na nusu za lita 10. Mtu anapitisha nusu keni, udongo unabadilika rangi, anaridhika. Maji hayo hayajafika kwenye mizizi, na mizizi nayo inapanda juu kuyafuata, halafu jua linaikuta hukohuko. Kwa mimea iliyoshika, ni afadhali lita 50 au zaidi kila baada ya siku mbili, taratibu, asubuhi, kisha matandazo ya nyasi kavu juu yake. Miche michanga ndiyo ya kila siku, kidogokidogo.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mche uliolala na shina limekatwa usawa wa ardhi ni sota; fukua udongo pembeni utamkuta amejikunja. Miche ya kitaluni iliyonywea shina chini na kuanguka kwa makundi ni kinyausi, na kinyausi hupenda kitalu kilichobanana na kinachomwagiliwa kupita kiasi. Miche iliyopandikizwa saa sita mchana ikalegea inahitaji kivuli siku mbili tatu, na safari ijayo pandikizeni jioni. Basi.

Ninapotaka kukaa ni kwenye mnyauko wa bakteria, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye picha ile, na ndio unaodhaniwa kiu kuliko yote. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, huishi udongoni, huingia kupitia vidonda vya mizizi, vikiwemo vile unavyovitia mwenyewe unapopalilia kwa jembe karibu na shina, kisha huzaliana ndani ya mishipa ya maji hadi kuiziba. Mmea unanyauka ukiwa wa kijani. Hauwi wa njano kwanza, hauna madoa, hauna ukungu. Leo jani moja la juu limelegea mchana, kesho upande mzima, baada ya siku chache haunyanyuki tena. Ndiyo maana mtu anasema una kiu: kwa macho unafanana kabisa na mmea wenye kiu.

Kipimo chake kinafanyika jikoni, na sielewi kwa nini hakijulikani kila nyumba. Kata shina karibu na udongo, chukua kipande cha kama sentimita 5. Kining'inize kwenye glasi angavu ya maji safi, ncha ya chini iguse maji, ukikishikilia kwa kibanio cha nguo juu ya mdomo wa glasi. Usitikise. Kaa utazame. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama moshi zikishuka kutoka kwenye shina, na baadaye maji yote yatakuwa kama yametiwa maziwa. Hao ni bakteria wenyewe, kwa mamilioni, wakitoka kwenye mishipa. Maji yakibaki safi na angavu, tafuta sababu nyingine.

Ukiona nyuzi hizo, hakuna dawa. Narudia kwa sababu najua mtakakokwenda: hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoponya mmea huo. Dukani unaweza kuuziwa dawa ya ukungu, na dawa ya ukungu ina kazi yake, lakini nyingi hukaa juu ya jani kuzuia ukungu. Bakteria wako ndani ya shina. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, uchome. Usiutie kwenye mboji, usiutupe mferejini. Osha jembe na viatu kabla ya kuhamia tuta jingine. Na acha kumwagilia kwa kutiririsha, maana maji yanayopita kwenye shimo lile yanabeba bakteria hadi shina linalofuata. Umeona sasa kwa nini mara tatu kwa siku ni hatari?

Wanatoka wapi? Kwa bustani za huku, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kiazi mviringo. Tunaishi katikati ya viazi: Uporoto, Makete, Njombe. Kiazi kilicholimwa kwenye baridi ya juu kinaweza kubeba bakteria hawa bila dalili yoyote. Shamba lake halikunyauka, kiazi kinang'aa, kinapikika vizuri. Mtu ananunua sokoni, vichache vinaota macho jikoni, anaona hasara kuvitupa, anavifukia kwenye tuta nyuma ya nyumba mahali penye joto zaidi. Hapo bakteria wanaamka. Maganda na maji ya kuoshea viazi yanayomwagwa bustanini nayo siyaamini. Kiazi cha kula kile, cha kupanda nunua kwa mzalishaji wa mbegu. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, iko hapahapa kwetu, na viazi ni sehemu ya kazi yao, ulizeni.

Kinachofuata ndicho vitabu hukieleza kwa urahisi kupita kiasi: kilimo cha mzunguko. Usirudishe jamii ya nyanya hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Jamii hiyo ni nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, ngogwe na viazi mviringo, na watu husahau mnafu. Wanang'oa nyanya zilizonyauka wanapanda mnafu, wakidhani wamebadilisha zao, kumbe wamewaandalia bakteria chakula kingine. Pandeni mahindi, vitunguu, kabichi, chainizi, karoti, maharage. Hayo nayaunga mkono yote. Lakini miaka mitatu kwenye uwanja wenye matuta manne, ambapo kuku wanaparua tuta hili na kuhamia lile na watoto wanakatiza katikati? Nina shaka kubwa. Kanuni ile ilipimwa mashambani, siyo kwenye uwanja ambao kila kiatu kinabeba udongo kutoka kona moja hadi nyingine. Mwenye uwanja mdogo aliyepata ugonjwa huu namshauri nyanya zake azihamishie kwenye magunia au ndoo zilizotobolewa chini, kwa udongo uliotoka mbali na matuta yale, na ardhini abaki na majani na vitunguu.

Vivyo hivyo kufunika udongo kwa nailoni angavu ili jua liupike. Kwenye tambarare za joto kuna mantiki. Kwetu hapa, kwenye mita 1,700 na usiku wa baridi, naamini tabaka la juu litapata joto na magugu yatakufa, lakini bakteria walioko chini siwaoni wakifa wote. Majivu nayo nimeyasikia sana. Majivu kidogo yana faida kwenye udongo wenye tindikali, na Nyanda za Juu Kusini tunao mwingi, ila kuyaita dawa ya mnyauko siko tayari.

Kama glasi ilibaki safi na majani ya chini yalikuwa ya njano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea, pasua shina kwa urefu. Ukiona mistari ya kahawia, huo ni mnyauko wa ukungu. Uko wa fusariamu na wa vetisiliamu, na kwa macho siwezi kukuapia ni upi, huamuliwa maabara. Kwa bustani ya nyumbani hatua ni ileile: ng'oa, na msimu ujao chagua mbegu ambayo pakiti yake ina herufi F na V, maana yake inavumilia yote mawili. Herufi N ni ya minyoo fundo, wale wanaoacha mizizi ina vinundu. Msichanganye na vinundu vya maharage, ambavyo hubanduka kwa kidole na ndani vina wekundu. Vile ni rafiki, vinatengeneza naitrojeni.

Kazi iliyobaki Oktoba hii, kwa mwenye bustani iliyo chini ya mteremko, ni kuchimba mfereji upande wa juu, wenye kina cha jembe, maji ya uwanja wa jirani yapite pembeni. Uchimbeni kabla ya mvua ya kwanza, maana ikishanyesha udongo wa jirani utakuwa umeshaingia kwenye matuta yenu.