Moria si ile ya Ibrahimu: dhana potofu kuhusu maneno ya lugha za kubuni

Msomaji aliyelelewa na Biblia akikutana na mapango ya Moria katika hadithi za J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings aliyebuni pia lugha za wahusika wake, akili humkimbilia Mwanzo 22, Ibrahimu alipoambiwa amchukue Isaka waende nchi ya Moria. Herufi ni zile zile, na Tolkien alikuwa Mkatoliki wa dhati, kwa hiyo wengi huamini jina limetoka huko. Sivyo. Mwaka 1967, katika rasimu ya barua kwa msomaji, alieleza mwenyewe: kwa Kisindarin, mojawapo ya lugha alizozibuni, *mor* ni weusi au giza, na *iâ* ni shimo refu lisilo na mwisho. Moria ni Shimo Jeusi. Alichookota nje ni mlio tu, kutoka ngano ya Norwei inayohusu kasri la Soria Moria.

Neno la lugha ya kubuni, basi, lina asili mbili. Moja imo ndani ya hadithi: mzizi wake, waliolisema, jinsi lilivyobadilika vinywani mwao. Nyingine iko mezani kwa mtunzi: alikousikia mlio huo, au aliyekuwa akimkumbuka. Ukizichanganya, utaapa kwamba Sauron, jina la adui mkuu katika hadithi hizo, limetokana na neno la Kigiriki *saura*, yaani mjusi, kumbe mtunzi alilijenga juu ya *thaura*, yenye kuchukiza. Utaapa pia kwamba Atalantë, jina la nchi iliyozama baharini, ni Atlantis, kisiwa cha ngano za Wagiriki, iliyogeuzwa kidogo. Hapa kuna ukweli nusu: hadithi ya kuzama imetokana kweli na Atlantis, na Tolkien hakuficha. Ila jina lina mzizi wake wa Kikwenya, lugha nyingine aliyoibuni, *talat*, kuteleza na kuporomoka, na kufanana huko yeye mwenyewe alikuona ni sadfa ya ajabu.

Si kila neno linajitetea hivyo. *Ork*, viumbe waovu, na *ent*, viumbe wanaofanana na miti, aliyatoa kwenye Kiingereza cha kale, bila kificho. *Nazg*, pete kwa lugha ya Mordor, nchi ya Sauron, alidhani amelibuni. Baadaye akakubali kuwa huenda neno la Kiayalandi *nasc* lilikuwa limejificha kumbukumbuni.

"Maneno haya hutungwa ovyo, ilimradi yasikike kigeni." Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inafuta kazi ya miaka mingi. Chukua neno la kale la mti, *galadā*. Kikwenya kiliiacha *g* ya mwanzo na irabu ya kati, likabaki *alda*. Kisindarin kiliishika *g*, kikaidondosha irabu ya mwisho, na *d* ikalainika ikawa dh, ile ile ya dhahabu: *galadh*. Kanuni za namna hiyo hupita kwenye msamiati mzima. Ndiyo maana jua ni *Anar* upande mmoja na *Anor* upande wa pili, na mwezi ni *Isil* na *Ithil*. Tolkien alianza Kikwenya yapata mwaka 1915, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1937.

Alifika hata mahali pa kuwapa wahusika wake dhana potofu zao. Jina la Galadriel, bibi mmoja mtukufu katika hadithi hizo, limetokana na *galad*, mng'ao, likiunganishwa na taji la maua. Lakini ndani ya hadithi, watu wasioijua historia ya bibi huyo walilihusisha na *galadh*, mti, wakawa wanalitamka Galadhriel. Watumiaji wa lugha halisi hufanya hivyo hivyo, na sijui mtunzi mwingine aliyeliona jambo hili kwa jicho kali namna hiyo.

Tuhamie tamthilia ya Game of Thrones: "Dracarys maana yake ni 'choma!'" Hapana. Ni nomino: moto wa joka. Joka lenyewe, katika Kivaliria alichokijenga David J. Peterson kwa ajili ya tamthilia hiyo, ni *zaldrīzes*, neno lisilofanana nalo hata kidogo.

Khaleesi nalo si jina la mtu, ingawa wapo watoto waliopewa. Ni cheo cha Kidothraki, lugha nyingine ya tamthilia hiyo: mke wa khal, yaani kiongozi wa kundi la wapanda farasi.

Na *valar*? Wapo wanaodhani neno la "Valar morghulis", msemo wa Kivaliria katika tamthilia hiyo, ni lile la Tolkien. Kwa Kikwenya, Valar ni wenye enzi waliouunda ulimwengu. Kwa Kivaliria, *valar* ni wanadamu wote, nao lazima wafe. Maana zimepishana kabisa, hivyo kamusi ya lugha moja haikusaidii kuisoma nyingine.

Kuna maneno ambayo kuyatafutia mzizi ndani ya hadithi ni kupoteza muda. Kwa Kidothraki rafiki ni *okeo*. Peterson alilitoa kwa paka wake. *Erin*, mwema, ni jina la aliyekuwa mke wake wakati huo. Marc Okrand naye, aliyekitunga Kiklingoni, lugha ya Star Trek, alimwita samaki *ghotI'*, kwa sababu Waingereza wana utani wa zamani kwamba tahajia yao ni mbovu kiasi kwamba neno lao la samaki lingeweza kuandikwa "ghoti".