Si lazima uwe wakili ili kuamua mgogoro wa ujenzi
Wengi hudhani kwamba nchini Uingereza, mwamuzi wa migogoro ya ujenzi (adjudicator) chini ya sheria ya mwaka 1996 inayohusu mikataba ya ujenzi (Housing Grants, Construction and Regeneration Act) lazima awe wakili. Sivyo. Sheria hiyo haidai shahada yoyote, ndiyo maana utawakuta wahandisi na wakadiriaji majenzi wengi katika kazi hii.

Lakini tusikimbilie kosa la pili, la kuona mafunzo hayana maana. Taasisi zinazoteua waamuzi huwachuja kwa mafunzo na uzoefu, na zina haki kabisa kufanya hivyo: kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 28, na mwamuzi akivuka mamlaka yake au akaunyima upande mmoja nafasi ya kujibu hoja nzito, mahakama inaweza kukataa kuutekeleza. Kujua bei ya zege hakumfundishi mtu hayo.